Kamera Imegoma Wi-Fi? Iache Kwanza, Anza na Soketi

Gisenyi siku hizi kamera ndogo za ulinzi hazimshangazi mtu. Utaziona juu ya mageti ya Byahi, kwenye maduka ya Mbugangari, kwenye nyumba za wageni kando ya Ziwa Kivu, na kwenye stoo za wafanyabiashara wanaovuka kwenda Goma asubuhi na kurudi jioni. Mzamu bado yuko getini, ila mwenye mali naye anataka kujionea, awe Kigali au ng'ambo ya mpaka. Kamera ya aina hiyo ikikosa Wi-Fi ni pambo la ukutani tu. Na ikigoma, mwenyewe hukimbilia lile tundu dogo la kuriseti: anachomeka pini, anasubiri, anarudia, mpaka mipangilio yote imefutika na tatizo liko palepale.

Ushauri wa makala haya ni mmoja: kamera iwe ya mwisho kushukiwa. Kabla picha haijafika kwenye simu yako, inategemea umeme, ruta, bando, mawimbi, nywila na simu yenyewe. Kagua kwa mpangilio huo. Badilisha kitu kimoja, tazama matokeo, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, hata kamera ikipona hutajua kilichoiponya, na ikigoma tena wiki ijayo utaanza upya.

Soma dalili kwanza

Kamera hugoma kwa namna tatu, na kila namna ina mahali pake pa kutafuta.

Ya kwanza ni kamera mpya ambayo haijawahi kuunganika hata mara moja. Hapo mkosaji huwa ni mpangilio: masafa ya Wi-Fi, nywila, au simu unayoisajilia. Ya pili ni kamera iliyofanya kazi miezi kadhaa kisha ikanyamaza. Jiulize ni nini kilichobadilika: ruta mpya, nywila mpya, bando lililoisha, radi ya jana usiku, kabati lililosogezwa mbele ya ruta. Ya tatu ni ile inayoshika na kuachia, inashika na kuachia. Hiyo, mara nyingi sana, ni umeme dhaifu au mawimbi dhaifu.

Soma pia maneno yanayotokea kwenye simu, hata yakiwa ya Kiingereza au Kifaransa. Programu ikisema mtandao haupatikani, maana yake kamera haiusikii kabisa mtandao wako. Tafuta kwenye masafa, chaneli au umbali. Ikisema nywila si sahihi, tafuta kwenye nywila au kwenye aina ya ulinzi wa Wi-Fi. Ikisema muda umekwisha, huenda kamera imeshaingia kwenye ruta lakini haifiki kwenye intaneti, au simu yako ndiyo iliyotoroka katikati ya kazi. Ikisema kifaa kimeshasajiliwa kwenye akaunti nyingine, basi umenunua kamera ya mtumba ambayo mwenyewe hajaiachia. Kuriseti mara nyingi hakusaidii hapo. Aliyekuuzia lazima aifute kwenye akaunti yake. Anayenunua kamera ya mtumba ahakikishe hilo linafanyika mbele yake, kabla hajatoa pesa.

Taa ya kamera nayo ina lugha yake. Rangi hutofautiana kiwanda kwa kiwanda, lakini kwa kawaida taa inayopepesa inasema kamera inasubiri au inajaribu kuunganishwa, na taa ya buluu au ya kijani iliyotulia inasema imeshaunganika. Karatasi iliyokuja na boksi ndiyo mwamuzi, kwa hiyo usiitupe.

Jaribio la hotspoti

Kabla hujafungua kitu chochote, fanya jaribio hili. Linakuonyesha mara moja kama ubaya uko kwenye kamera au kwenye mtandao wa nyumbani.

Unahitaji simu mbili. Ya kwanza iwe na bando, uiwashe hotspoti. Ya pili iwe na programu ya kamera. Hotspoti iweke kwenye gigahezi 2.4, uipe jina fupi lisilo na nafasi, kwa mfano kivu, na nywila ya herufi ndogo na tarakimu zisizopungua nane. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata, washa sehemu iliyoandikwa "Maximize Compatibility". Hiyo ndiyo inayoishusha hotspoti hadi gigahezi 2.4. Kisha weka kamera mezani, hatua moja au mbili kutoka kwenye simu, uisajili.

Ikikubali, kamera ni nzima. Kazi iko kwenye ruta yako au kwenye umbali. Ikikataa, badilisha adapta ya umeme ujaribu tena. Ikikataa mara ya pili, hapo sasa una haki ya kuitilia shaka kamera yenyewe.

Umeme: adapta ndogo, lawama kubwa

Geuza adapta usome maandishi madogo yaliyo mbele ya neno "Output". Kamera nyingi za ndani hutaka volti 5 na ampea 1 au 2. Nyingi za nje hutaka volti 12. Adapta ya simu ya zamani yenye ampea 0.5 inaweza kuiwasha kamera, taa ikaonekana, hata shingo ikazunguka, lakini Wi-Fi ikawa inakatika kila mara.

Hapa kwetu dalili yake haifichiki, kwa kuwa jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Kamera inakaa vizuri mchana kutwa. Ikigonga saa kumi na mbili, inapotea. Saa hiyo ndipo taa zake za kuonea gizani zinapowaka na mahitaji yake ya umeme yanapopanda ghafla. Mtu atadhani mtandao wa jioni umeelemewa, kumbe ni adapta. Ukitaka uhakika, zima uonaji wa usiku kwenye programu ya kamera kwa jioni moja. Ikitulia, nenda ukanunue adapta yenye ampea zinazotakiwa.

Waya mrefu nao ni mwizi. Ukiunga nyaya nyembamba za USB mpaka zikafika mita kumi ili kamera ifike getini, volti 5 zinazotoka kwenye adapta zinaweza kufika zikiwa chini ya 4.5, na kamera haitakaa. Dawa si kuongeza waya mwingine wa USB. Fundi umeme aupeleke umeme wa kawaida mpaka karibu na kamera, ndani ya boksi lisilopitisha maji, adapta ikae hapohapo na waya wake mfupi wa asili.

Umeme ukikatika na kurudi kuna mtego mwingine. Kamera huwaka upesi kuliko ruta. Baadhi hujaribu mara chache, zikiukosa mtandao zinatulia tu. Chomoa kamera, ipe ruta dakika tatu nne mpaka simu yako ipate intaneti kwayo, ndipo uchomeke kamera. Kamera nyingi zinazosemekana zimekufa hufufuka hapo. Ukichoka kufanya hivyo kila umeme unapokatika, nunua ile UPS ndogo ya ruta inayoshikilia umeme saa kadhaa.

Na radi isisahaulike. Utafiti wa takwimu za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Sake, mji ulio jirani na Goma upande wa magharibi, nao ulikuwa miongoni mwa kumi za kwanza. Sisi tuko chini ya mawingu hayohayo. Mvua ya radi ikianza, chomoa ruta na kamera kwenye soketi. Kuzima kwa swichi hakutoshi. Kama kamera iligoma siku moja baada ya radi, jaribu kwanza kama simu na kompyuta bado zinaiona Wi-Fi. Ruta iliyopigwa inaweza kuwaka taa zote na redio yake ikawa imekufa.

Ruta na bando

Chukua simu, zima data za laini yake, baki na Wi-Fi ya nyumbani peke yake, kisha fungua ukurasa wowote ambao hujaufungua leo. Ukigoma kufunguka ilhali alama ya Wi-Fi imejaa, basi ruta inatangaza mtandao usio na intaneti. Kwenye ruta za laini sababu ya kawaida ni bando kuisha. Ongeza bando, zima ruta, iwashe, ujaribu tena.

Intaneti ikiwepo, hesabu vifaa. Ruta ndogo za mfukoni, hasa za zamani, nyingi hukubali vifaa kama 10 tu kwa wakati mmoja. Simu za familia, televisheni, kompyuta ya mtoto na simu za wageni wa Jumapili zikishaingia, kamera hubisha hodi bila kufunguliwa. Ondoa vifaa viwili ujaribu.

Ingia pia kwenye mipangilio ya ruta. Anwani yake na nywila ya kuingilia viko kwenye kibandiko cha mgongoni. Tazama mambo mawili. La kwanza, je, kuna orodha ya vifaa vilivyozuiwa au vinavyoruhusiwa peke yake? Kamera mpya haitakuwemo. La pili, je, unaiunganisha kwenye mtandao wa wageni, au kuna sehemu ya "AP Isolation" iliyowashwa? Sehemu hiyo huzuia vifaa kuonana, na simu isipoiona kamera haiwezi kuisajili.

Kama umebadilisha ruta na una kamera tatu nne zilizozoea ya zamani, usipande ngazi kuziriseti moja moja. Ipe ruta mpya jina lilelile la Wi-Fi na nywila ileile ya zamani, herufi kwa herufi, kubwa iwe kubwa na ndogo iwe ndogo, na aina ileile ya ulinzi. Kwa kawaida kamera zitarudi zenyewe.

Gigahezi 2.4, si 5

Hiki ndicho kikwazo kikubwa cha kamera mpya. Kamera nyingi za bei ya kawaida hupokea gigahezi 2.4 peke yake. Ruta nyingi za sasa hutoa 2.4 na 5 kwa pamoja chini ya jina moja, zikiwemo za Starlink, huduma iliyoanza Rwanda Februari 2023. Simu yako, kwa kupenda kasi, hukaa kwenye 5; kamera inatafuta 2.4, programu inashindwa kuvikutanisha.

Ingia kwenye mipangilio ya ruta uyatenganishe masafa. Sehemu hiyo mara nyingi huitwa "Smart Connect". Izime, kisha upe kila masafa jina lake, tuseme nyumbani kwa 2.4 na nyumbani5 kwa 5. Simu iingie kwenye nyumbani, usajili kamera, kisha simu irudi inakotaka. Kama ruta haikubali kutenganisha, izime 5 kwa dakika kumi za usajili, halafu uiwashe tena.

Ukiwa humohumo, tazama chaneli. Kwenye gigahezi 2.4 tumia 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, na upana wa megahezi 20. Kwenye maduka yaliyobanana kama ya Mbugangari, ruta nyingi huwa zinapigana kwenye chaneli moja, na kuhama kutoka 6 kwenda 1 au 11 kunaweza kumaliza ugomvi. Epuka chaneli 12 na 13: kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani husikia mwisho 11, kwa hiyo ruta ikijichagulia 13, kwa kamera hiyo ni kama haipo.

Hatimaye tazama ulinzi. Ruta iliyowekwa kwenye WPA3 peke yake itaikataa kamera inayojua WPA2 tu, na programu itasema nywila si sahihi ingawa umeiandika vizuri. Chagua WPA2. Usishuke mpaka kwenye WEP, na usiache mtandao wazi bila nywila eti kamera iingie kwa urahisi.

Ukuta wa mawe ya volkano

Nyumba na nyua nyingi za Gisenyi, kama za Goma, zimejengwa kwa mawe meusi ya volkano, yale ya amakoro yaliyoachwa na safu ya Virunga. Ukuta wa mawe hayo ukiwa mnene na umeshindiliwa saruji, hunyonya mawimbi kuliko ukuta wa matofali membamba. Ukilowa mvua, hunyonya zaidi. Ongeza geti la chuma na paa la mabati la banda la gari, vinavyorudisha mawimbi nyuma, utaelewa kwa nini kamera iliyoshika vizuri sebuleni ni bubu ikifika getini.

Kanuni ya mafundi ni hii: unganisha mezani, ndipo ufunge ukutani. Sajili kamera ikiwa hatua mbili kutoka kwenye ruta. Kisha, kabla hujatoboa ukuta, ishike pale unapotaka kuifunga, ikiwa kwenye umeme, na umwombe mtu aliye ndani atazame picha. Kama huna pa kuiwasha, tumia simu. Kuna programu za bure kwenye simu za Android zinazoonyesha nguvu ya Wi-Fi kwa desibeli. Tarakimu huwa hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: -50 ni nzuri sana, -67 inatosha kwa video, ikishuka chini ya -75 usipoteze misumari yako.

Mawimbi yakiwa dhaifu, anza na dawa isiyo na gharama: ihamishe ruta. Ruta nyingi zimefichwa nyuma ya televisheni au ndani ya kabati, kwa ajili ya urembo. Itoe, iweke juu, karibu na dirisha linalotazama geti, kwa sababu kioo cha kawaida hupitisha mawimbi vizuri kuliko jiwe. Isipotosha, nunua kirudufisha mawimbi, ukiweke katikati ya njia, mahali ambapo simu bado inapata Wi-Fi nzuri. Kukiweka getini penyewe ni kazi bure, maana hakiwezi kurudufisha kile kisichokifikia. Na kama kamera ina tundu la waya wa mtandao, mwite fundi avute waya wa nje. Unaweza kwenda mpaka mita 100, nao haujali jiwe wala mvua. Waya huo nao uchomolewe kukiwa na radi.

Nywila

Nywila ya Wi-Fi hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na simu nyingi hukuza herufi ya kwanza bila kuulizwa. Rubavu2023 na rubavu2023 ni nywila mbili. Ukiwa unaandika, bonyeza alama ya jicho uione yote. Kwenye kibandiko cha ruta tofautisha sifuri na herufi O, na moja na herufi l. Ukinakili kutoka kwenye ujumbe wa WhatsApp, hakikisha hakuna nafasi iliyoning'inia mwishoni.

Jina la mtandao nalo lina maneno yake. Kamera za bei ya chini hukwama kwenye alama kama é, mkato wa juu, au emoji. Mtandao ulioitwa "Maison d'Été" unapendeza kwa mgeni, lakini unaweza kuipiga chenga kamera. Tumia herufi za kawaida na tarakimu.

Simu yako ndiyo mshenga

Wakati wa usajili simu ndiyo inayoitambulisha kamera kwa ruta, na mara nyingi yenyewe ndiyo inayoharibu. Zima data za laini kwa muda, kwa sababu simu ikiona Wi-Fi ya kamera haina intaneti hukimbilia laini na kuvunja mazungumzo. Zima VPN. Kwenye Android iruhusu programu itumie mahali ulipo na uwashe GPS. Bila ruhusa hiyo simu nyingi haziwezi kutafuta mitandao ya karibu. Kwenye iPhone iruhusu programu ifikie mtandao wa ndani.

Kama usajili ni wa kuonyesha msimbo wa QR, futa kioo cha kamera, ondoa ile karatasi ya plastiki iliyokuja nayo, ongeza mwanga wa simu mpaka mwisho, kisha shikilia simu sentimita 15 hadi 20 mbele ya kamera, ukiisogeza polepole mbele na nyuma mpaka ilie.

Programu ikikuuliza nchi, taja nchi ambayo kamera ilikusudiwa. Baadhi ya kamera zilizotengenezwa kwa soko la China husajiliwa kwenye seva za China tu na hukataa akaunti ya eneo jingine. Kwa wanaoagizia kamera China au Dubai, swali la kwanza kwa muuzaji liwe kama ni toleo la kimataifa.

Wanaokaa karibu na mpaka

Nyumba zilizo karibu na Petite Barrière na Grande Barrière zina shida ya pekee. Ruta inayotumia laini ya Rwanda inaweza kuusikia mnara wa Goma kwa nguvu kuliko wa kwetu. Ikihamia huko, intaneti hukatika kwa kuwa matumizi ya ng'ambo yamezimwa. Kama yamewashwa, salio linaliwa kwa bei ya ng'ambo. Ingia kwenye mipangilio ya laini ndani ya ruta, acha kujichagulia mtandao, uchague wa kampuni yako kwa mkono, na uhakikishe matumizi ya ng'ambo yamezimwa. Kisha iweke ruta upande wa nyumba unaoelekea mnara wa Rwanda.

Ukiwa Goma na unataka kutazama duka lako Gisenyi, hilo ni jambo jingine. Kwa kutazama tu, simu haihitaji kuwa kwenye Wi-Fi moja na kamera. Laini ya Kongo yenye bando inatosha. Ukishindwa kuona ukiwa Goma ilhali aliye dukani anaona, basi tatizo ni la simu yako.

Sasa unaweza kuriseti

Ukishapita hatua zote hizo, riseti. Kamera iwe kwenye umeme. Bonyeza kitufe kwa sekunde tano hadi kumi, au mpaka isikike sauti au taa ibadilike, kisha iache. Ifute kwenye programu, ongeza upya, ukiwa mezani karibu na ruta. Kabla ya kuriseti, toa kadi ya kumbukumbu kama ina picha unazozihitaji.

Ikishashika

Kazi haijaisha. Badilisha nywila ya kiwandani ya kamera na ya ruta siku hiyohiyo. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera, ruta na mashine za kurekodi video duniani kwa kujaribu tu orodha ya nywila za kiwandani zipatazo 60. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa hivyo liliishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa kwa watu wengi. Wenye kamera hizo wengi hawakujua lolote.

Sasisha programu ya ndani ya kamera. Weka saa ya Kigali, si ya Nairobi, la sivyo kila tukio litaandikwa saa moja mbele, na siku ya wizi ushahidi utapishana na maneno ya mashahidi.

Piga hesabu ya bando pia. Kamera inayotuma megabiti 1 kwa sekunde hula takriban megabaiti 450 kwa saa. Kwa siku nzima ni karibu gigabaiti 10.8. Kwa ruta ya laini hilo ni bando la kuzikwa mapema. Weka kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera, irekodi humo, na itume kwenye simu pale tu inapoona mtu akitembea.

Mwisho, tazama kamera yako inatazama nini. Rwanda ina Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha, inayosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, NCSA. Ielekeze kamera kwenye geti lako na ua wako, si kwenye dirisha la jirani. Dukani bandika tangazo linalowaambia wateja kwamba wanarekodiwa.

Na kama kamera imekataa hotspoti ya gigahezi 2.4, mezani, kwa adapta nzima, baada ya kuriseti na kwa simu mbili tofauti, usimlipe fundi wa tatu. Hiyo imeharibika. Irudishe dukani ikiwa na boksi lake na risiti ya EBM. Na kama hukupewa risiti, ukinunua nyingine idai kabla hujatoka mlangoni.